Joka la Nne: Kwa Nini Jeshi la Mezani Linahitaji Ukomo

Katika sataranji hakuna anayechagua jeshi. Kila upande hupewa vipande 16, na malkia wako hana nguvu kuliko malkia wa mwenzako. Michezo ya vita vya mezani, hasa ile ya dunia za kubuni yenye majoka, wachawi na mifupa inayotembea, imefuata njia nyingine kabisa. Mchezaji huja na jeshi lake mwenyewe: kalinunua, kalipaka rangi kwa brashi ndogo usiku baada ya usiku, kaliandika kwenye karatasi kabla hajafika mezani. Wachezaji wawili hukubaliana jumla ya pointi, mara nyingi 2000, na kila askari, farasi, mzinga na zimwi ana bei yake kitabuni. Pointi zikiisha, jeshi limekamilika.

Mfumo huo unasikika wa haki. Kama kila kitu kina bei, ya nini tena kumkataza mtu? Hata hivyo, michezo mikubwa ya aina hii imeishia kuweka makatazo juu ya bei. Vikosi fulani ni vya lazima, vingine visizidi idadi fulani, na mashujaa wasile zaidi ya sehemu fulani ya jeshi. Tangu Warhammer Fantasy Battle ilipotoka Uingereza mwaka 1983, kazi ya Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley, watunzi wamejaribu aina moja ya ukomo baada ya nyingine, wakaiacha, wakairudia. Kwa maoni yangu ukomo ni wa lazima, na ulazima huo unatoka kwenye hesabu kabla haujatoka kwenye tamaa ya wachezaji. Lakini aina nyingi za ukomo zilizowahi kuandikwa humlazimisha mchezaji kununua askari wa kawaida bila kumpa sababu ya kuwataka, na hapo ndipo zinapokosea.

Tuanze na hesabu yenyewe. Chukua meza moja ya pointi 2000, ambapo upande mmoja una mizinga miwili. Tuseme mzinga unahitaji, kwa wastani, mapigo mawili kuliangusha joka, na joka linahitaji raundi mbili kuruka hadi ilipo mizinga. Katika raundi hizo mbili, mizinga miwili itapiga mara nne. Mpinzani akileta joka moja la pointi 400, litaanguka kabla ya kufika, na mapigo mawili yaliyobaki yataelekezwa kwingine. Akileta mawili, yote mawili yataanguka. Akileta manne, mawili yatafika, na kitu cha kwanza yatakachokitafuna ni hiyo mizinga. Kila joka limelipiwa pointi zile zile 400. Lakini majoka mawili ya kwanza yamekufa bila kugusa kitu, na la tatu na la nne yamemaliza mchezo.

Sasa mtunzi afanye nini na bei? Akiacha 400, mwenye joka moja amelipa kupita kiasi na mwenye manne amepata kwa bei ya chee. Akipandisha hadi 550, anamwadhibu yule aliyependa joka moja tu, huku yule wa manne akipunguza moja na kuendelea kama kawaida. Hakuna namba moja inayolifaa joka la kwanza na ikalifaa la nne, kwa sababu thamani ya kitu mezani hutegemea vitu vilivyo jirani yake na silaha alizo nazo mpinzani. Bei ya kitabuni humhesabu kila mmoja kana kwamba yuko peke yake uwanjani. Mtunzi hata awe hodari vipi, hata ajaribu mchezo wake mara ngapi, hilo halitibiki kwa kurekebisha bei.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo ni vitu ambavyo thamani yake hushuka kadiri unavyoviongeza. Mfano mzuri uko kwenye uchawi wa Warhammer. Katika toleo la 6, lililotoka mwaka 2000, kila mchawi alikuja na dadu zake za nguvu kulingana na ngazi yake, juu ya dadu mbili ambazo jeshi lilipewa bure. Wachawi watatu walikuwa na nguvu kuliko wawili, wanne kuliko watatu. Toleo la 8, la mwaka 2010, likabadilisha chanzo: kila raundi ya uchawi ilianza kwa kurusha dadu mbili, na jumla yake ndiyo iliyokuwa msingi wa akiba ya wachawi wote wa jeshi, isiyoweza kuzidi 12. Mchawi mkuu wa pili akawa anakula kutoka sahani ile ile. Wachezaji waliliona haraka. Wengi walitosheka na mchawi mmoja wa ngazi ya 4, pengine na mdogo mmoja wa kumsaidia. Hapakuwa na haja ya kuandika popote kwamba wachawi wakuu wawili ni marufuku.

Mfano huo una somo kubwa kuliko unavyoonekana. Ukomo una mahali pawili pa kukaa. Unaweza kukaa kwenye orodha, kabla ya mchezo, kama sheria inayosema usizidishe. Au unaweza kukaa mezani, ndani ya kanuni zenyewe, ambako kuzidisha hakukatazwi ila hakulipi. Huu wa pili ni bora kila unapowezekana, kwa sababu mchezaji anaufuata bila kuhisi ameshikwa mkono. Tatizo ni kwamba hauwezekani kila mahali. Hakuna kanuni ya mezani itakayoyafanya majoka manne yaache kuwa majoka manne, na ndiyo maana historia ya michezo hii imejaa majaribio ya aina ya kwanza.

Toleo la 4 la Warhammer, mwaka 1992, na la 5 la mwaka 1996, yalitumia asilimia. Mashujaa na wachawi waliruhusiwa kufikia asilimia 50 ya pointi zote, vikosi vya kawaida visipungue asilimia 25, mitambo ya vita isizidi asilimia 25. Ukiyasoma makaratasini ni mgawanyo wa busara. Mezani mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu nusu ya jeshi ingeweza kumiminwa kwa mtu mmoja: bwana mkubwa juu ya joka, upanga wa ajabu mkononi, ngao ya ajabu begani, na hirizi ya kufuta uchawi wa adui. Askari waliobaki walisimama nyuma wakitazama. Wachezaji wa Kiingereza walikipa kipindi hicho jina la Herohammer, na jina limebaki hadi leo.

Toleo la 6 lilikuja kuvunja utawala wa mashujaa, nalo lilitupa asilimia na kuweka nafasi. Jeshi la pointi 2000 lilikuwa na nafasi zisizozidi nne za viongozi, na mmoja tu kati yao ndiye aliyeruhusiwa kuwa bwana wa daraja la juu. Vikosi vya msingi visipungue vitatu, vikosi maalumu visizidi vinne, vikosi adimu visizidi viwili. Namba hizi zilikuwa rahisi kukariri na rahisi kukagua, na kwa kiongozi wa mashindano anayekagua orodha kadhaa asubuhi moja, urahisi huo ni kitu cha thamani. Vita vikarudi kufanana na vita: safu za askari zikiwa katikati na mashujaa ndani yake.

Dosari ya nafasi ni kwamba zinahesabu vikosi na hazipimi uzito wake. Kikosi cha askari 30 wenye silaha nzito ni nafasi moja, na wapanda mbwamwitu watano wenye mkuki mwembamba ni nafasi moja vilevile. Mchezaji asiyetaka askari wa kawaida alitafuta kikosi cha msingi cha bei ndogo kuliko vyote, akanunua vitatu vya idadi ndogo kabisa inayoruhusiwa, kisha pointi zote zilizobaki akazimwaga kwenye mambo anayoyapenda. Wachezaji wenyewe huuita ununuzi huo wa lazima kodi. Watunzi waliona mwanya huu mapema: mbwa wa kivita wa jeshi la Chaos walihesabiwa kuwa kikosi cha msingi lakini hawakuruhusiwa kutimiza ile idadi ya lazima. Kwingine mwanya uliachwa wazi kwa makusudi. Wachezaji wa jeshi la High Elves waliweza kuweka mitambo miwili ya kurusha mishale mizito ndani ya nafasi moja ya adimu, kwa hiyo nafasi mbili zikawapa minne. Neno adimu hapo lilikuwa limeshapoteza maana.

Toleo la 8 likarudi kwenye asilimia, safari hii likiwa limejifunza. Mabwana wasizidi asilimia 25, mashujaa wa chini yao wasizidi asilimia 25, msingi usipungue 25, maalumu usizidi 50, adimu usizidi 25. Juu ya hapo kikaongezwa kikomo cha nakala: kikosi kimoja cha maalumu kisirudiwe zaidi ya mara tatu, na cha adimu zaidi ya mara mbili, isipokuwa jeshi likifika pointi 3000, ambapo idadi hizo huongezwa mara mbili. Kikomo cha nakala ndicho jibu la moja kwa moja kwa hesabu ya majoka niliyoionyesha juu. Hakijali umetumia pointi ngapi. Kinajali umerudia kitu kile kile mara ngapi, na kurudia ndiko kunakovunja bei.

Lakini kikomo cha nakala kina udhaifu wake, na mfano unaonikera kuliko yote ni ule wa kifaru cha mvuke cha jeshi la Empire. Kwenye hadithi ya dunia ya Warhammer, mvumbuzi Leonardo wa Miragliano aliunda vifaru 12 tu, siri ya kuviunda ikapotea naye, na vimebaki vinane katika himaya nzima. Kila kimoja kina jina lake. Kanuni za toleo la 8 zilimruhusu mchezaji wa kawaida kuwa na viwili kwenye vita vya Jumamosi alasiri, na katika jeshi kubwa kikomo cha nakala kilipanda hadi vinne, yaani nusu ya vifaru vyote duniani, mradi pointi zinatosha. Kanuni zinasema adimu, meza inaonyesha vya kumwaga. Ukomo ungeweza kuibeba hadithi, hapa umeiacha barabarani.

Aliyeuweka ukomo vizuri zaidi ni Rick Priestley, yule yule wa Warhammer ya 1983, katika mchezo mwingine. Warmaster, uliotoka mwaka 2000, hutumia sanamu ndogo sana ili majeshi makubwa yaenee mezani, na orodha zake zina safu mbili za namba kando ya kila kikosi: idadi ya chini na idadi ya juu kwa kila pointi 1000. Askari wa kawaida wana idadi ya chini na hawana ya juu. Vitu vya ajabu vina idadi ya juu, mara nyingi moja tu kwa kila 1000. Jemadari ni mmoja, jeshi liwe la ukubwa wowote. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba ukomo hukua pamoja na jeshi bila mtu kukumbuka jedwali lolote. Kikomo cha nakala tatu kinaweza kufaa kwa pointi 2000, lakini mizinga mitatu kwenye mchezo wa pointi 500 ni balaa, kwa kuwa mpinzani hana hata vikosi vitatu vya kupigwa. Warhammer: The Old World, iliyotoka Januari 2024, imeazima wazo hilo kwa baadhi ya vikosi vyake, ikichanganya na asilimia. Cha kusikitisha ni kwamba imerudisha pia ile asilimia 50 ya mashujaa ya miaka ya 1990, na mara moja mabwana juu ya majoka wakarudi kutawala mazungumzo ya wachezaji.

Kama kuna mtu bado anaamini ukomo ni usumbufu tu, na atazame kilichotokea Julai 2015. Games Workshop, kampuni yenye Warhammer, ilifunga dunia ya zamani ya mchezo huo na kutoa Age of Sigmar bila pointi na bila mpaka wowote wa jeshi. Mlete sanamu mlizo nazo, mkubaliane, mcheze. Kulikuwa na kipimo kimoja tu cha kusawazisha: upande wenye sanamu zilizozidi za mwenzake kwa theluthi moja au zaidi ulimpa mpinzani haki ya kuchagua njia ya mkato ya kushinda. Kipimo hicho kilihesabu sanamu, kwa hiyo joka lilikuwa moja na goblin, kiumbe mdogo dhaifu, alikuwa mmoja. Mwenye majoka kumi dhidi ya goblin 14 ndiye aliyeonekana mnyonge wa kuhurumiwa. Marafiki wanaojuana kwa miaka waliweza kuucheza kwa raha. Wageni wawili waliokutana dukani hawakuweza, kwa sababu ilibidi wajadiliane kwa muda mrefu kabla ya kurusha dadu ya kwanza, na anayejua kubishana ndiye aliyeshinda majadiliano.

Mwaka mmoja haukupita kwa utulivu. Vikundi vya wachezaji viliandika mifumo yao ya pointi, wengine wakahamia michezo mingine, na wengine wakaendeleza sheria za zamani kwa jina la The 9th Age. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ikatoa kitabu cha General's Handbook chenye pointi na mipaka. Kwa pointi 2000: viongozi kuanzia mmoja hadi sita, vikosi vya safu visipungue vitatu, mazimwi makubwa yasizidi manne, mizinga isizidi minne. Mashindano yakafufuka. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba watu wanapopewa uhuru wote huutafuta ukomo wenyewe.

Kitabu hicho kilikuwa na jambo jingine lililopita bila kusifiwa vya kutosha. Baadhi ya vikosi viligeuka kuwa vya safu kutegemea ni nani aliye jemadari, au jeshi zima ni la ukoo gani. Hili ni jibu zuri kwa hoja nzito zaidi ya wapinga ukomo. Wao husema kwamba ukomo unaua majeshi yenye sura yake: jeshi la wapanda farasi watupu, kabila la mazimwi lisilo na mtu wa kawaida hata mmoja, kundi la wendawazimu wa dini wanaokimbilia kifo. Hoja hiyo ni ya kweli. Ukimlazimisha kila mtu awe na robo ya askari wa mkuki, majeshi yote yatafanana. Lakini dawa yake ni kubadilisha nani anahesabiwa kuwa wa kawaida katika jeshi lipi. Ukichagua bwana wa wapanda farasi, basi wapanda farasi ndio watu wako wa kawaida, na vitu vingine ndivyo vigeuke adimu. The Old World inafanya hivyo kwa orodha mbadala, ambazo kila moja ina mipaka yake: inafungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Kuna ukomo usiogusa vikosi kabisa. Mchezo wa sanamu wa Middle-earth, unaotokana na dunia ya Tolkien, una kanuni ya pinde: theluthi tu ya askari wa jeshi ndio wanaoruhusiwa kubeba upinde. Jeshi la askari 36 lina wapiga mishale wasiozidi 12. Mashujaa hawaingizwi kwenye hesabu. Sababu yake ni ile ile ya majoka, ila inafanya kazi polepole. Wapiga mishale wanane wanasumbua tu. Wapiga mishale 30 wanamwangusha adui safu kwa safu kabla hajafika, na walionusurika ni wachache mno kuwafanya kitu. Zaidi ya hapo, majeshi mawili ya namna hiyo yakikutana, hakuna anayetaka kusogea, na mchezo unakuwa watu wawili wanaorusha dadu kutoka pande mbili za meza. Kanuni hii ya mstari mmoja imeulinda mchezo huo kwa miaka, na haikumnyima mtu kikosi chochote anachokipenda.

Mchezo huo huo, katika toleo la 2018, umewafunga askari kwa viongozi wao. Shujaa wa daraja la juu anaongoza hadi askari 18, wa pili 15, wa tatu 12, mdogo sita. Ukitaka askari wengi unahitaji viongozi wa kuwabeba, na viongozi ni ghali. Age of Sigmar toleo la 4, mwaka 2024, limekwenda njia inayofanana: kila shujaa anaongoza vikosi vitatu, jemadari vinne, na vikundi hivyo visizidi vitano. Kikosi kinachobaki nje ya kundi hakikatazwi, ila anayekuwa navyo vingi humpa mpinzani nguvu ya ziada ya amri kila raundi. Napenda fikra hiyo ya kutoza gharama badala ya kukataza, kwa sababu inamwachia mchezaji uamuzi na kumkumbusha kwamba uamuzi una bei.

Hata hivyo, kwangu mfumo uliokaribia zaidi kulitatua jambo hili ni wa Kings of War, mchezo wa kampuni ya Mantic uliotungwa kwanza na Alessio Cavatore. Humo vikosi vina ukubwa maalumu. Askari wa miguu huja kumi, 20, 40 au 60. Tujenge jeshi pamoja. Unanunua kikosi cha 20 wenye mikuki. Hicho kinakufungulia nafasi mbili za vikosi vidogo vya kumi, na kitu kimoja kati ya shujaa, zimwi au mtambo wa vita. Unachagua mzinga. Sasa unataka na jemadari: huna nafasi, itabidi ununue kikosi kingine cha 20. Au unajitosa na kununua cha 40, ambacho kinakufungulia vikosi vidogo vinne, pamoja na shujaa mmoja, zimwi moja na mtambo mmoja. Vikosi visivyo vya kawaida, vilivyowekewa alama orodhani, havifungui kitu. Mwenye kutaka mazimwi manne atatembea na vikosi vinne vikubwa mbele yake, na ukimaliza kulipia vikosi vinne vikubwa, mazimwi hayo hayana tena meza nzima ya kuchezea.

Tofauti ya mfumo huu na asilimia ni ya kina, ingawa matokeo yanaweza kufanana kwenye karatasi. Asilimia 25 ya lazima ni deni. Mchezaji analilipa kwa kiasi kidogo iwezekanavyo na kwa moyo mzito, kisha anaanza kujenga jeshi lake la kweli. Nafasi ya kufunguliwa ni ununuzi. Kikosi cha mikuki kimeleta mzinga. Kadiri unavyokiheshimu ndivyo kinavyokupa. Kings of War inaongeza na sababu ya mezani, kwa kuwa kikosi kikubwa kina moyo wa kuvumilia mapigo ambao kidogo hakina. Warhammer ya toleo la 8 nayo ilikuwa na sababu kama hiyo: kikosi kilichoshindwa pambano lakini kikabaki na safu nyingi kuliko adui kilijaribiwa ujasiri wake bila kupunguziwa chochote. Ghafla watu wakawa wananunua askari wa mikuki 40 kwa hiari yao, wakati sheria ingeridhika na wachache. Age of Sigmar ya 2016 ilipotoa vituo vya kushikilia kwa yule mwenye sanamu nyingi zaidi karibu navyo, ilifanya jambo hilo hilo.

Kings of War haijakamilika. Kikosi kikubwa cha wapanda farasi wa gharama kubwa kinafungua milango kama cha wakulima wenye majembe, na mfumo wa kufungua peke yake haukuzuii kuchukua mtambo ule ule kila mlango unapofunguka. Ndiyo maana mchezo huo nao umehitaji kikomo cha nakala juu ya mfumo wa msingi. Hordes of the Things, mchezo mdogo wa Phil Barker na wenzake wa mwaka 1991, ulikabili jambo hili kwa njia fupi kuliko zote: jeshi ni pointi 24, na zisizozidi nusu ndizo ziende kwa vitu vya bei ya juu. Kwa mchezo wa saa moja inatosha.

Jambo moja zaidi lazima lisemwe, kwa sababu linagusa mifuko ya watu. Games Workshop na Mantic hutunga kanuni na pia huuza sanamu. Kila toleo linapohamisha kikosi kutoka msingi kwenda maalumu, au kukata nakala kutoka tatu hadi mbili, kuna mtu ambaye sanamu zake alizozinunua na kuzipaka rangi kwa miezi zinarudi kabatini. Si lazima pawepo nia mbaya. Lakini mtunzi anayejali wachezaji wake atabadilisha vikomo kwa uchache na atatangaza mapema, na akilazimika kuchagua kati ya kurekebisha kikomo na kurekebisha kanuni ya mezani, atajaribu kanuni ya mezani kwanza. Hiyo haimlazimishi mtu kununua tena.

Kwa hiyo, kwa kundi linaloanza leo, au kwa mtunzi Mswahili anayefikiria mchezo wa vita wa dunia ya kubuni ya kwetu, pendekezo langu ni hili. Chukueni mfumo wa kufungua nafasi wa Kings of War uwe msingi. Wekeni juu yake kikomo cha nakala, lakini kihesabiwe kwa kila pointi 1000 kama Warmaster, ili mchezo mdogo na mkubwa vitumie kanuni moja. Mashujaa, wakiwa pamoja na wanyama wanaowapanda, wasizidi robo ya pointi. Mkiwa na silaha za masafa, azimeni theluthi ya Middle-earth. Kisha chezeni mara kadhaa na mtazame jambo moja tu: je, kuna mchezaji aliyenunua askari wa kawaida zaidi ya aliolazimishwa? Kama hakuna, rudini kwenye kanuni za mezani, kwa maana tatizo liko huko. Na haya yote yaandikeni kabla mtu hajanunua sanamu hata moja.